Casspir: Gari la Makaburu Lililobaki Barabarani

Bomu la TM-57, kazi ya viwanda vya Urusi ya Kisovieti, ni mfano wa sinia nene la chuma. Upana wake haufiki sentimita 32, uzito wake unakaribia kilo 9, na zaidi ya kilo 6 kati ya hizo ni baruti. Mtu akilikanyaga kwa mguu, kwa kawaida halilipuki. Linangoja uzito wa gari. Lilichimbiwa usiku katikati ya barabara ya vumbi, juu yake pakafagiliwa kwa tawi la mti, na hadi jua linachomoza aliyelitega alikuwa ameshafika mbali. Kwa mpigania uhuru wa kusini mwa Afrika katika miaka ya 1960 na 1970, ambaye hakuwa na ndege wala mizinga mikubwa, hiyo ndiyo silaha iliyoweza kumnyang'anya mtawala barabara.

Na barabara ndiyo iliyobeba utawala wenyewe. Mshahara wa polisi, mahindi ya mlowezi, barua za mkuu wa wilaya na lori la askari, vyote vilipita hapo hapo. Wareno walionja adha ya mabomu hayo mapema, baada ya FRELIMO kuanza vita nchini Msumbiji mwezi Septemba 1964. Wapiganaji wa SWAPO, ambao Tanzania iliwapa kambi Kongwa, Dodoma, pamoja na ndugu zao wa vyama vingine vya ukombozi, walirejea kwao na kupambana na polisi wa Afrika Kusini huko Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia, tarehe 26 Agosti 1966. Vita vilipozidi kuenea, ndivyo barabara za vumbi zilivyozidi kuogopwa. Mabomu hayo hayakuchagua: basi la abiria na tela la mkulima vililipuka sawasawa na lori la jeshi, na wanakijiji waliokufa hivyo nao wanastahili kukumbukwa.

Casspir ni jibu la bomu hilo. Ni gari lililobuniwa kwa ustadi wa hali ya juu ili walio ndani yake wapone. Kwa zaidi ya miaka kumi, hata hivyo, nani aketi ndani na nani aachwe nje liliamuliwa na serikali ya ubaguzi wa rangi, na historia ya gari hili haiwezi kusimuliwa kwa haki kama habari ya vyuma na injini peke yake.

Majaribio ya mwanzo hayakuwa ya makaburu. Yalikuwa ya walowezi wa Rhodesia, ambako vita vilipamba moto kuanzia mwisho wa mwaka 1972. Mafundi wa huko walianza na vitu vilivyokuwa karibu: mifuko ya mchanga sakafuni mwa Land Rover, maji ndani ya matairi ili kupunguza makali ya mlipuko, mabamba ya chuma chini ya viti. Askari wachache zaidi walikufa, lakini miguu iliendelea kukatika. Ndipo fundi mmoja, Ernest Konschel, akaachana na wazo la kuzidisha unene wa chuma akaanza kufikiri juu ya umbo. Gari lake la Leopard, la mwaka 1974, liliendeshwa kwa injini ya Volkswagen. Abiria walikaa ndani ya sanduku la chuma lenye tumbo la V, likiwa limeinuliwa juu, magurudumu yakiwa mbali nalo mbele na nyuma. Bomu likilipuka, magurudumu yaling'oka yakaenda zake na sanduku likabaki zima. Baadaye akaunda Pookie, gari dogo la kutafutia mabomu, lililotembea juu ya matairi mapana ya magari ya mashindano. Uzito wake ulitandazwa juu ya ardhi kiasi kwamba liliweza kupita juu ya bomu bila kulishtua.

Siri ya V inaeleweka bila hesabu ngumu. Nguvu ya mlipuko wa chini ya ardhi hupanda juu. Ikikutana na sakafu bapa, yote huishia hapo: huisukuma sakafu, sakafu huvunja miguu na uti wa mgongo, na gari zima hurushwa. Ikikutana na ncha iliyochongoka, hugawanyika ikateleza ubavuni. Tumbo likiwa juu zaidi, nguvu hiyo hupungua njiani kabla ya kufika. Kisha kuna mikanda ya viti, jambo ambalo wengi hulidharau, kwa sababu mtu aliyenusurika mlipuko anaweza kuuawa na dari ya gari lake mwenyewe anaporushwa kichwa juu.

Afrika Kusini ilianza na Hippo, bodi ya deraya iliyopachikwa juu ya chasisi ya lori la Bedford. Soweto iliijua Juni 1976, pale wanafunzi walipoandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans. Jeshi likatengeneza Buffel juu ya chasisi ya Unimog ya Kijerumani, askari wakikaa kwa kupeana migongo ndani ya beseni la chuma lisilo na paa. Zote mbili ziliokoa maisha ya waliopanda, na zote mbili zilikuwa na ila zake. Chasisi ya lori iliyo chini ya abiria inaweza kugeuka vipande vya chuma vinavyorushwa juu wakati wa mlipuko. Buffel, kwa urefu wake na wembamba wake, ilipinduka kirahisi barabarani.

Polisi walitaka kitu bora zaidi. Kazi ilikwenda CSIR, baraza la serikali la utafiti wa kisayansi na viwanda, ambako mwanasayansi Vernon Joynt na wenzake walikuwa wakichunguza milipuko. Mwishoni mwa miaka ya 1970 gari likawa tayari, likapewa jina lililochanganya herufi za SAP, yaani polisi wa Afrika Kusini, na za CSIR yenyewe. Casspir haikuwa na chasisi. Bodi yenyewe, iliyounganishwa kwa kuchomelewa na kuchongoka chini, ndiyo iliyobeba uzito wote, na ekseli zilifungwa kwa nje. Gurudumu likikanyaga bomu, ekseli ilikatika na kurushwa pembeni; gari likavutwa, likafungwa ekseli nyingine, likarudi kazini. Kipimo walichojiwekea kilitokana na yale waliyokutana nayo vitani, kwani wategaji walikuwa wameanza kurundika bomu juu ya bomu: Casspir ilitakiwa kustahimili TM-57 tatu kwa mpigo chini ya gurudumu, au mbili chini ya tumbo.

Lilikuwa gari la tani 11 hivi, la magurudumu manne yote yakivuta, lenye watu wawili mbele na nafasi ya askari 12 nyuma, milango miwili mgongoni, na tangi la maji ya kunywa la lita 200. Hilo tangi linaeleza mengi kuhusu nchi lililokusudiwa. Injini ilikuwa dizeli ya Mercedes-Benz ya silinda sita, OM 352, ile ile iliyosukuma malori ya mizigo, na uteuzi huo ulikuwa wa akili. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepiga marufuku kuiuzia Afrika Kusini silaha kwa azimio namba 418 la Novemba 1977, lakini injini ya lori si silaha kwenye karatasi za forodha. Muda si mrefu kiwanda cha Atlantis, karibu na Cape Town, kikawa kinaunda injini za aina hiyo kwa leseni. Fundi wa gereji yoyote aliyezoea malori aliweza kuitengeneza Casspir porini.

Namibia ndiko ilikoonyesha tabia yake kamili. Mwaka 1979 polisi walianzisha Oshakati kikosi kilichokuja kuitwa Koevoet, chini ya Hans Dreyer. Askari wake wengi walikuwa Waovambo, wafuatiliaji wa nyayo wa daraja la kwanza, wakiongozwa na maofisa Wazungu. Kila timu ilitembea na Casspir nne na gari la mizigo. Wafuatiliaji walikimbia mbele kwa miguu wakisoma mchanga. Waliochoka wakapanda, wengine wakashuka, na msako ukaendelea hivyo saa baada ya saa. Gari lililobuniwa kuokoa watu barabarani likawa halina haja ya barabara. Lilikata msitu wa mopane, likaangusha miti, na bunduki za rashasha zilizofungwa juu yake ziliona mbali kuliko mtu aliyejificha vichakani. Mpiganaji wa SWAPO aliyekuwa akitembea kwa miguu kwa wiki nzima kutoka mpaka wa Angola alifuatwa na injini isiyochoka.

Koevoet kilidai kuwaua au kuwakamata zaidi ya watu 3,000, na askari wake walilipwa zawadi ya fedha kwa kila mwili. Utaratibu huo ulizaa ukatili ambao haukujificha. Maiti zilifungwa juu ya matairi ya akiba na mbele ya magari, zikapitishwa vijijini ili watu wazione. Casspir zilipita katikati ya mashamba ya uwele na kubomoa nyua za boriti zilizozunguka nyumba za Waovambo, na aliyeulizwa habari za wapiganaji akakosa jibu alipigwa. Wanahistoria wa silaha hupenda kuandika jinsi gari hili lilivyostahimili mabomu, na wana haki. Lakini mkulima wa Ovamboland aliyeamka akakuta chakula cha mwaka kimelazwa chini na magurudumu naye ni shahidi wa uwezo wa gari hilo, na ushahidi wake haupatikani kwenye vitabu vya vipimo.

Vita hivyo viliisha kwa umwagaji damu wa dakika za mwisho. Tarehe 1 Aprili 1989, siku ambayo azimio namba 435 la kuipeleka Namibia kwenye uhuru lilianza kutekelezwa, mamia ya wapiganaji wa SWAPO walivuka mpaka. Mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Martti Ahtisaari wa Finland, aliyekuwa balozi wa nchi yake Dar es Salaam katika miaka ya 1970, aliwaruhusu askari wa Afrika Kusini watoke kambini. Katika siku tisa hivi zaidi ya wapiganaji 300 waliuawa, wengi wakiwa wamesakwa na Casspir. Vikosi vya kulinda amani vilikuwa bado havijafika kikamilifu. Naibu kamanda wa jeshi hilo la Umoja wa Mataifa alikuwa Mkenya, Daniel Opande, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi tatu, pamoja na Finland na Malaysia, zilizotoa vikosi vya askari wa miguu. Koevoet kilivunjwa mwaka huo huo. Namibia ilipopata uhuru tarehe 21 Machi 1990, jeshi lake jipya, lililochanganya waliowindwa na wawindaji, lilirithi pia Casspir.

Wakati vita vya Namibia vikiendelea, gari lilikuwa limeingia pia mijini Afrika Kusini kwenyewe. Uasi ulipolipuka katika vitongoji vya Waafrika vya Vaal mwezi Septemba 1984, serikali ilijibu kwa kuwaingiza wanajeshi. Mwezi uliofuata, askari na polisi wapatao 7,000 waliizunguka Sebokeng wakapekua nyumba kwa nyumba. Hakukuwa na bomu la kutegwa ardhini hata moja katika mitaa hiyo. Kulikuwa na mawe, chupa za petroli na matairi yanayoungua. Deraya iliyobuniwa kushinda baruti ya Kisovieti ikawa ukuta unaotembea kati ya polisi na watoto wa shule, na kimo chake kikampa askari nafasi ya kutazama ndani ya kila ua.

Mjini Uitenhage, tarehe 21 Machi 1985, mwaka wa 25 tangu mauaji ya Sharpeville, polisi waliokuwa kwenye magari ya deraya waliwazuia watu waliokuwa wakitembea kutoka kitongoji cha Langa wakielekea mazishini, wakawafyatulia risasi. Watu wasiopungua 20 walikufa. Tume iliyoongozwa na Jaji Kannemeyer iligundua kuwa polisi hao hawakupewa mabomu ya machozi wala risasi za mpira. Walipewa risasi za kuua. Hapo hadithi ya ulinzi inapinduka kabisa. Mtu aliyezungukwa na chuma ambacho hakuna jiwe linaloweza kukipenya hana tishio la kumfanya apige, na bado walipiga.

Vijana wa vitongoji walitafuta udhaifu wa gari kwa umakini ule ule ambao wahandisi walitumia kulibuni. Risasi hawakuwa nazo, mabomu hawakuwa nayo, ila majembe na sururu zilikuwepo. Alexandra, mwaka 1986, na kwingineko, walichimba mitaro kukatiza barabara, mipana kiasi cha kumeza gurudumu. Tani 11 zikiinamia shimoni haziinuki kwa urahisi, na tumbo la V, lililo hodari juu ya bomu, halisaidii kitu ukingoni mwa mtaro.

Wazungu wa Afrika Kusini nao waliishi na gari hilo, wana wao wakiwa ndani. Redio ilikuwa na kipindi cha salamu kwa askari walioko mpakani, na mchoraji William Kentridge alisikia humo mama mmoja akimtumia mwanawe Casspir zilizojaa upendo. Maneno hayo akayafanya jina la mchoro wake wa mwaka 1989, wenye vichwa vya watu vilivyokatwa na kupangwa kama ndani ya kabati. Sijui maneno mengine yanayoonyesha wazi zaidi jinsi nchi ile ilivyogawanyika: upendo wa kweli wa mzazi ulikuwa umepakiwa kwenye gari ambalo mzazi mwingine, kilomita chache kutoka hapo, alilikimbia akiwa na mtoto mkononi.

Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ingetarajiwa magari hayo yaende kwenye chuma chakavu. Hayakwenda. Msumbiji ilipotia saini amani mjini Roma Oktoba 1992, barabara zake zilikuwa zimejaa mabomu, na miongoni mwa waliokuja kuyaondoa ilikuwa Mechem, taasisi iliyotoka katika CSIR na kuwekwa chini ya Denel, kampuni ya silaha ya serikali ya Afrika Kusini. Wengi walipinga kwamba wale wale waliokuwa na mkono katika vita sasa walipwe kwa kusafisha. Upinzani huo ulikuwa na msingi. Hata hivyo, mbinu waliyokuja nayo ilikuwa ya kuvutia: Casspir ilipita polepole barabarani ikinyonya hewa ya juu ya udongo kupitia vichujio, vichujio vikapelekwa kwa mbwa waliofundishwa, na mbwa wakaonyesha ni kipande gani cha barabara kina harufu ya baruti. Kipande kisicho na harufu kilifunguliwa kwa magari. Chenye harufu kilisafishwa kwa mikono. Kwa mara ya kwanza gari lile lilikuwa likimfungulia njia mwanakijiji anayekwenda sokoni.

Marekani iligundua umbo hilo kwa kuchelewa, na kwa gharama kubwa ya maisha. Nchini Iraq, Humvee zenye sakafu bapa zilikuwa zikiraruliwa na mabomu ya barabarani. Februari 2005 makamanda wa Wanamaji huko Anbar waliomba kwa dharura magari 1,169 yenye tumbo la V. Ombi likakwama ofisini. Mwaka 2007 waziri wa ulinzi Robert Gates akaufanya ununuzi huo kuwa wa kwanza kuliko mingine yote, na hatimaye zaidi ya magari 20,000 yalinunuliwa. Mojawapo, Buffalo, lilitokana moja kwa moja na Casspir, na kampuni iliyolitengeneza, Force Protection ya South Carolina, ilikuwa imemchukua Vernon Joynt akafanye kazi nayo. Elimu iliyokuwa imepatikana kwenye mchanga wa Rhodesia na Ovamboland ilikuwa wazi kwa yeyote kwa zaidi ya miaka 20 kabla Wamarekani hawajaihitaji.

Afrika Mashariki ililipokea gari kwa njia nyingine. Uganda, ikipambana na waasi wa LRA waliotega mabomu kwenye barabara za kaskazini, ilinunua magari ya deraya ya Buffel na Mamba kutoka Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Ilipotuma askari wa kwanza wa Umoja wa Afrika Mogadishu, Machi 2007, na Burundi ikafuata mwisho wa mwaka huo, Casspir zikawa sura ya kila siku ya ujumbe huo: zilibeba askari, chakula, maji na majeruhi katika mitaa ambako al-Shabaab walifukia mabomu chini ya takataka na kifusi. Vijana wa Kampala na Bujumbura, ambao wazazi wao walikuwa wakiimba shuleni nyimbo za kuilaani Pretoria, walirudi nyumbani na miguu yao miwili kwa sababu ya gari la polisi wa Pretoria. V ina kikomo chake, bila shaka. Haikukusudiwa kuzuia lori lililosheheni mamia ya kilo za baruti linapokuja kwa kasi kutoka ubavuni, na al-Shabaab walilijua hilo.

Kenya ilipeleka Somalia magari ya Puma yaliyobuniwa Afrika Kusini, kisha mwaka 2016 polisi wake wakapata magari ya Kichina ya CS/VP3, yenye tumbo lile lile la V, kwa ajili ya barabara za kaskazini mashariki na za Lamu ambako basi na gari la polisi vyote vimekuwa vikilipuliwa. Kwa askari wa Garissa au Mandera, suala hili si la makumbusho. Swali ni iwapo gari analopangiwa asubuhi lina sakafu bapa au la.

Juni 2024 polisi wa Kenya walitua Port-au-Prince, Haiti, kupambana na magenge, wakakabidhiwa magari ya MaxxPro ya Kimarekani, wajukuu wa Casspir kwa umbo na kwa fikra. Magenge hayo hayategemei mabomu ya ardhini. Yanachimba mitaro. Machi 2025, eneo la Pont-Sondé, gari la deraya la polisi wa Haiti lilikwama kwenye mtaro unaodhaniwa kuchimbwa na genge. Wakenya walikwenda kulikwamua, gari lao moja nalo likakwama, jingine likaharibika, wakashambuliwa, na ofisa mmoja wa Kenya akapoteza maisha. Wabunifu wa magari ya deraya wa leo wanaongeza kamera, viti vinavyoning'inia na mabamba mapya ya kuzuia mlipuko, lakini kuvuka mtaro uliochimbwa na vijana wenye majembe bado kunategemea winchi, gari la pili lililo zima, na muda ambao adui hatoi.